Makopo Matatu ya Mjomba Mwinshehe

Mikumi, 16 Februari 2025

Mjomba wangu Mwinshehe,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila miguu inaniuma kwa kusimama jikoni hapa mgahawani. Mabasi ya Mbeya yanashusha watu kwa mkupuo, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye aliyetangulia kuagiza wali. Mama alinipigia juzi kutoka Kidete. Mahindi yametoka vizuri, Mto Mkondoa bado haujawasumbua, na mbuzi mweusi amezaa mapacha. Mmoja wamempa jina langu, eti kwa sababu hanyamazi. Mama anakusalimu sana na analalamika kwamba siku hizi humtembelei dada yako.

Utashangaa kuona nakuandikia kama mwanafunzi wa bweni. Nimepiga simu yako mara sita tangu mwaka uanze. Mara zote amepokea mkeo, Mama Ashrafu, na mara zote wewe umetoka: uko shambani, uko msikitini, uko kwa fundi viatu. Mjomba, una viatu vingapi? Basi barua hii nimempa Selestina, yule mama anayechukua vitunguu Malolo na kuvipeleka soko la huko kwenu. Ameahidi kukukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Hapa kuna banda la video la bwana mmoja anaitwa Alfred. Filamu anazoonyesha ni za nje, lugha watu hawaielewi, kwa hiyo mtu anakaa mbele na maiki anatafsiri papo kwa papo. Mtafsiri wake amehamia Morogoro. Nikaenda kuomba. Alfred alicheka mpaka akakohoa, hajawahi kusikia mwanamke akifanya kazi hiyo. Alipomaliza kukohoa akanipa Jumamosi mchana, kwa majaribio, mpaka Idi ya kuchinja. Siku hiyo ataonyesha filamu kubwa ya maajabu. Banda likibaki limejaa mpaka mwisho, maiki ni yangu. Watu wakitoka, atachukua filamu zilizokwisha kutafsiriwa mjini, na mimi nirudi kwenye wali wangu.

Nimeshatafsiri Jumamosi mbili, na mara zote mbili watu wameondoka katikati. Kiingereza nakielewa, sauti ninayo, maneno siyakosei. Wewe ulizunguka na gari la sinema kwenye mashamba ya mkonge. Niambie, ni kitu gani kinachomfanya mtu abaki kwenye benchi?

Mpwa wako,
Shamimu


Kilosa, 5 Machi 2025

Mpwa wangu Shamimu,

Marahaba, na marahaba nyingine uiweke akiba. Sisi wazima na tumeanza mfungo salama. Mama Ashrafu anasema nikisikia njaa nakuwa mkali kama siafu. Huo ni uongo wake. Mwambie mama yako nitakuja Kidete mvua zikikatika. Selestina alikaa na barua yako siku nane ndani ya gunia la vitunguu, nikaisoma huku machozi yananitoka, lakini usidhani nilikuwa nakuonea huruma.

Habari ya simu tuiache. Simu za siku hizi ni kelele tupu. Mwandiko wako mzuri, endelea kuandika.

Sasa sikiliza. Sinema yetu ilikuja ndani ya makopo ya bati, mapana kama sinia, kila kopo na mkanda wake. Filamu za safari na maajabu mara nyingi zilikuja na makopo matatu. Mashine tulikuwa nayo moja, kwa hiyo kopo likiisha nilikuwa nasimama, nawasha taa, nafunga mkanda mwingine. Kila siku mkanda ulikatikia mahali pabaya, mtu anataka kujua zaidi. Wakati mimi nahangaika na mashine, wale watu wa mkonge walikuwa wanabishana: atarudi, harudi, yule mzee ni mwema, yule mzee ni mchawi. Mimi nilijifunza kazi kwenye ubishi huo.

Kopo la kwanza ni nyumbani. Unamwona mtu anakoishi, na kitu gani kimeharibika hapo, na kwa nini lazima aende yeye, asiende jirani. Kopo halijaisha kama bado anaweza kurudi. Mlango ukifungwa nyuma yake, hapo badilisha mkanda.

Kopo la pili ni njia. Ni refu, na ndilo linalowachosha watu wasiojua kazi. Kila shida inayokuja lazima iwe nzito kuliko iliyopita, la sivyo watu wanakwenda kukojoa. Na mwisho wa kopo la pili mtu huyo anapoteza kila kitu, mpaka wewe mwenyewe mwonyeshaji unamhurumia.

Kopo la tatu ni malipo. Kitu kidogo ulichokiona kule nyumbani, ukakidharau, ndicho kinachomwokoa. Kisha anarudi, na nyumbani ni palepale ila yeye si yuleyule.

Niandikie filamu yenyewe inahusu nini, na ulifanya nini hao watu walipoondoka. Usinifiche. Na usiniulize kwa nini niliacha kazi ile. Nilichoka.

Mjomba wako,
Mwinshehe Abubakari


Mikumi, 20 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo, na hongera ya mfungo. Mimi nafunga huku napikia watu wengine, kwa hiyo thawabu zangu nadhani zitakuwa mara mbili. Mama amepata malaria ndogo, ameshapona, usihangaike. Shamimu mbuzi amekula kanga yake mpya.

Barua yako nimeisoma mara nne. Alfred ameshaipata filamu ya Idi, nami amenikopesha niitazame kwenye simu.

Kuna mji ambao moto umekufa. Ukipekecha, ukigonga jiwe, hakuna kitu. Watu wanakula mbichi na wahunzi wamekaa bure. Binti wa mhunzi mmoja anatumwa kwenda kuchukua kaa la moto mlimani, kwa joka. Jina lake la filamu halitamkiki, na ni kawaida yetu watafsiri kuwapa majina ya hapa, kwa hiyo mimi namwita Doto. Baba yake anampa koleo lake la kushikia chuma, naye analiona zigo tu. Anavuka daraja la kamba, likakatika nyuma yake. Huko ng'ambo anakutana na miti inayotembea, na soko la watu wasio na nyuso, na mzee mwenye jicho moja anayejitolea kumwongoza. Mwishoni mzee huyo anamwibia ramani na taa, anamsukumia shimoni, anaondoka. Doto anapanda kwa kucha. Anafika kwa joka, halilali, linaugulia: kipande cha mkuki kimekwama kwenye fizi. Anakitoa kwa lile koleo. Joka linampa kaa. Basi anarudi.

Mjomba, nilipofika hapo kwenye koleo nilipiga kelele jikoni, mpishi mwenzangu akadhani nimeungua. Makopo yako yamo yote!

Sasa umeniambia nisikufiche. Zile Jumamosi mbili ilikuwa filamu nyingine, lakini nayo ilikuwa na mtu mbaya anayejifanya rafiki. Alipotokea tu, nikasema kwenye maiki, "Mnamwona huyu? Msimwamini, atamsaliti mwenzake, subirini mtaona." Mimi nilidhani nawasaidia. Nilikuwa nimeshaitazama, na inauma kukaa na kitu unachokijua. Benchi la nyuma wote wakainuka wakaenda kuangalia mpira.

Na kwa nini nisikuulize? Mama anasema uliipenda kazi ile kuliko chakula. Mtu hachoki kitu cha namna hiyo.

Shamimu


Kilosa, 14 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Idi imepita, tulikula pilau, kanzu yangu imepata doa. Barua yako nimeipata jana tu. Barabara inayopita kijiji cha Ulaya imekatika kwa mvua, Selestina akazunguka na vitunguu vyake hadi Morogoro, na barua ikazunguka naye. Imetembea kuliko mimi mwaka huu.

Shamimu, ulichofanya ni kufungua kopo la tatu ndani ya kopo la kwanza. Nimecheka, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu hata mimi nimewahi. Haya, umeshinda, nitakusimulia.

Ilikuwa mwaka themanini na nne, huko Kimamba, uwanja umejaa familia za mkonge. Mvua ilikuwa imenyesha njiani na karatasi za namba zikabanduka kwenye makopo. Nikabahatisha. Baada ya kopo la kwanza nikafunga la tatu. Watu walimwacha shujaa anamuaga mama yake, ghafla wakamwona amekuwa na ndevu, anaoa. Nikaendelea kuonyesha dakika ishirini nzima. Kilichonisimamisha ni kandambili. Ilitoka gizani ikanipata begani, ya kushoto, ya bluu, hadi leo naiona. Kugeuka, uwanja mzima umesimama. Wiki ileile nikarudisha funguo za gari.

Basi ndiyo hiyo. Turudi kwa Doto.

Mzee wa jicho moja akitokea, tafsiri maneno yake vizuri. Mpe sauti tamu, mfanye apendwe. Wewe unajua, wao hawajui, na kukaa na kitu hicho ndiyo kazi yako. Koleo litaje mara moja tu kule nyumbani, kwa wepesi, kama unavyotaja chumvi. Ukilitaja mara tatu watu watalishtukia. Na akiwa shimoni, nyamaza. Weka maiki mapajani. Najua itakuwa ngumu kwako na kwa yule mbuzi mwenzako. Usitafsiri kilio. Mtu aliyepoteza kila kitu hana haja ya mkalimani.

Mwinshehe


Mikumi, 4 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama anasema mahindi ya Kidete yameanza kukauka vizuri na atanitumia kiroba.

Nimejaribu kunyamaza na filamu nyingine Jumamosi iliyopita. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na mbili, nikaona kama mwaka, nikasema neno. Tatizo ni kwamba mimi nakaa mbele nikiangalia pazia la picha, watu wako kisogoni. Sijui kama wamekaa kimya au wameshatoka. Nasikia benchi likilia tu, basi moyo unaruka.

Kuna kitu kwenye barua yako nimekitafuna wiki nzima. Dakika ishirini, Mjomba? Uwanja mzima wa watu wa mkonge wakiona filamu imekosewa watapiga kelele mpaka Kilosa stesheni. Ilikuwaje mpaka kandambili?

Idi itakuwa Jumamosi, tarehe saba Juni. Filamu inaanza saa tisa alasiri. Njoo. Nataka wewe uwepo kuliko mtu yeyote. Nauli nitakurudishia kwa pilau.

Shamimu wako


Kilosa, 22 Mei 2025

Shamimu,

Marahaba. Tu wazima. Kuku wawili wameliwa na kicheche.

Kuja sitaweza. Kuna maharage ya kuvuna. Goti nalo linasumbua. Na Idi mtu anatakiwa kwake, wageni wakija watamkuta nani? Halafu hayo mabanda yana joto.

Kuhusu Kimamba, mashine ilikuwa na kelele. Tuishie hapo.

Kazi unaijua sasa. Makopo yote matatu unayo, na namba zake hazijabanduka. Nakuombea.

Mjomba wako


Mikumi, 8 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Idi njema kwako na kwa Mama Ashrafu.

Jana nimefanya. Mzee wa jicho moja nilimpa sauti ya yule mzee aliyekuwa anatuuzia kashata tulipokuwa wadogo, na watu wakamcheka kwa upendo kabisa. Koleo nililitaja mara moja. Doto alipoangukia shimoni niliweka maiki mapajani kama ulivyosema. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu nisiseme. Sikuhesabu. Nilinyamaza mpaka alipoanza kupanda.

Ilipoisha taa zikawashwa, watu wakawa wanatoka kwa kusukumana, na Alfred akaja akaniambia, "Jumamosi uje saa nane, upime maiki." Hakusema kitu kingine, ndivyo alivyo. Kwa hiyo maiki nimepata. Nimefurahi, Mjomba, nimefurahi sana, nimemkumbatia hata mama anayeuza karanga bandani.

Lakini sijui nilipataje. Sikuona uso wa mtu hata mmoja. Na nitasema ukweli, nilipogeuka taa zilipowaka nilikutafuta. Najua ulisema huji. Nilikutafuta hivyo hivyo, na sikukuona, na iliniuma.

Shamimu


Kilosa, 10 Juni 2025

Mwanangu Shamimu,

Salamu yako nimeipokea, marahaba. Selestina safari hii amekimbia, barua imefika kwa siku mbili, na nimeona haya kuisoma. Maharage hayakuwa na haraka yoyote. Goti nalo halina neno.

Nilikuja. Nilipanda basi la asubuhi, nikala Idi yangu kwenye mgahawa wenu, na wali ulikuwa na mawe mawili, mwambie mwenzako wa zamu. Bandani niliingia wa mwisho, nikajikalia gizani kule mbele pembeni, karibu na pazia la mlango, kofia nimeishusha. Taa zilipokaribia kuwaka nikatoka, niliogopa ungekuja kuniongelesha.

Masikio yangu yamekwisha, mwanangu. La kushoto lilianza kuondoka zamani, miaka ile nalala na kuamka na jenereta na mashine. Kule Kimamba watu walipiga kelele dakika zote ishirini. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo, naangalia mkanda unavyozunguka, nimeridhika kabisa. Sikuwasikia. Ndiyo maana ikabidi warushe kandambili, na ndiyo maana nikarudisha funguo: niliogopa kuulizwa. La kulia limenifuata mwaka jana. Mama Ashrafu amekuwa ananiongopea kwenye simu kwa sababu nilimwomba. Kwa dada yangu siendi kwa sababu ataongea, nami nitaitikia kitu kisichohusika, halafu atalia. Nimeona aibu. Hilo ndilo nililokuwa nalificha chini ya hivyo viatu vyote.

Kwa hiyo sikusikia neno lako hata moja. Lakini filamu sikuja kuitazama. Nilikaa kisogo kwa picha, uso kwa watu, nikigeuka mara mojamoja kuona filamu imefika wapi; kama ningekaa hivyo Kimamba, hakuna ambaye angepoteza kandambili yake. Na mimi nitakuambia ulipataje.

Daraja lilipokatika, benchi la mbele wote waliinua miguu juu. Mzee wa jicho moja alipoingia waliegemea mbele, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anatabasamu kila huyo mzee akifungua mdomo. Miti inayotembea iliwachosha kidogo, wawili walitoka, ila walirudi, na mmoja alikuwa bado anafunga mkanda wa suruali. Kisha shimo. Nikakuona umeshusha maiki. Muuza karanga alikuwa anampimia mteja, na mkono wake ulibaki juu na kikombe kimejaa, na mteja naye hakumdai. Yule mama aliyekuwa anatabasamu alishika mdomo. Banda zima hakuna aliyetafuna. Walikaa hivyo mpaka wewe ulipoinua maiki, na hapo nikajua tumeingia kopo la tatu.

Nilisubiri kandambili, Shamimu. Hakuna aliyerusha.

Mjomba wako,
Mwinshehe


Mikumi, 14 Juni 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimelia, kisha nimekasirika kuhusu ule wali, kisha nimelia tena. Kwa mama tutakwenda pamoja mwezi ujao. Nitabeba daftari, yeye aongee mimi niandike, nawe utajibu kwa ukali wako wa kawaida. Hatalia, na akilia tutamwacha amalize.

Mimi sitawaona watu kamwe, kazi yangu iko kwenye pazia. Wewe unawaona. Kwa hiyo nimezungumza na Alfred. Kuanzia Jumamosi ijayo kuna kiti chako mbele kabisa, karibu na mimi, chenye egemeo, si benchi. Nimekigeuza mwenyewe. Watu wameshaanza kuuliza kwa nini kiti kile kimewaangalia wao, nami nimewajibu kwamba ni cha fundi wa sinema.

Basi la asubuhi linatosha. Wali nitaupika mimi.

Shamimu